Diploma ya juu ya ICU, digirii ama zile kozi fupi? Namjibu nesi wa Likoni

Swali limetoka kwa nesi mmoja wa Likoni, Mombasa, nalifupisha manake aliandika kirefu: "Mwalimu shikamoo. Mimi ni KRCHN (nesi wa diploma aliyesajiliwa Kenya), nilimaliza diploma chuo cha KMTC, huu mwaka wa tatu niko wodi ya medikali hospitali ya kaunti na siku hizi wananipeleka HDU (wodi ya uangalizi wa karibu, chini kidogo ya ICU) kila wakiwa na upungufu wa watu, nami nimeipenda. Nataka kuingia ICU kabisa. Wenzangu wengine wanasema digirii kwanza, wengine wanasema fanya ACLS (kozi fupi ya kuokoa mtu moyo ukisimama) utafute Saudia, na kuna tangazo natumiwa la kozi ya ICU ya mtandaoni, wiki sita unapewa sertifiketi. Halafu hii CCRN ya Marekani nayo ni nini? Nianze na ipi? Na niseme ukweli, hesabu za dawa zinanitisha."

Marahaba mwanangu, na pole na shifti. Jibu lenyewe ni hili halafu ntakueleza kwa nini: kama unachotaka ni kukaa kitandani kwa mgonjwa mahututi na uwe unajua unachofanya, anza na diploma ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, ile inayokutoa ukiwa KRCCN, yani nesi wa mahututi aliyesajiliwa Kenya, halafu digirii ije nyuma yake. ACLS ni ya kushikilia njiani. CCRN iache mpaka siku utakuwa na laiseni ya Marekani mkononi. Na hio ya wiki sita usiilipie kwanza.

Sababu yangu ni moja tu na ntairudia mpaka unichoke. ICU hujifunzi kwa kusomewa, unajifunza kwa kusimama na mgonjwa huku kuna mtu anayejua amesimama nyuma yako anatazama mikono yako, anakuuliza mbona umefanya hivo, mbona hukufanya vile. Kozi yoyote utakayoletewa ipime kwa hapo: nani atasimama nyuma yangu, kwa masaa mangapi, hospitali gani, vitanda vingapi. Kozi isiyo na jibu la hayo maswali inakuuzia karatasi.

Ngoja nikupe mfano wa kitu kinachotokea kila siku. Saa tisa usiku mgonjwa yuko kwa ventileta, alamu ya presha ya juu inalia, oksijeni kwa monita inateremka, 94, 90, 86. Nesi ambaye hakufundishwa atafanya nini, atanyamazisha alamu, ataongeza oksijeni kwa mashine, halafu atakimbia kumwita daktari ambaye labda yuko theatre. Aliyefundishwa anamchomoa mgonjwa kwa ile mashine, anamshikisha ambu bag, ule mfuko wa kupulizia hewa, na oksijeni asilimia 100 anampulizia kwa mkono, na mkono wake ushaanza kumwambia mambo. Ikiwa ambu inaingia laini na oksijeni inapanda, basi shida ilikuwa ni mashine ama mipira yake. Ikiwa ni ngumu, shida iko kwa tyubu ama kifuani. Anatazama tyubu midomoni, jioni iliandikwa sentimita 22, sasa inasoma 26, kumbe imezama imeingia pafu la kulia peke yake. Ama anapitisha ile katheta ya kunyonya makohozi inakataa kupita, tyubu imeziba ama mgonjwa anaiuma. Ama anasikiliza kifua upande mmoja kimya na presha ya damu inaanguka, hapo ni hewa imejaa nje ya pafu na dakika zinahesabika. Vitu vinne: tyubu imetoka mahali pake, tyubu imeziba, pafu limepasuka, mashine imeharibika. Kwa darasa nakufundisha kwa dakika tano na mtihani unapita vizuri. Lakini kuvifanya usiku, mikono inatetemeka, ndugu wa mgonjwa wanachungulia mlangoni, hapo ndo unataka uwe ushavifanya mara nyingi na mtu aliyekuwa anakurekebisha.

Na hii habari ya mkono si ya jana. ICU yenyewe ilizaliwa kwa mikono, Copenhagen mwaka 1952, polio imewaangusha watu hawawezi kupumua, daktari wa ganzi anaitwa Bjørn Ibsen akaona watobolewe koo wapuliziwe hewa kwa mfuko, na wakaitwa wanafunzi wa udaktari kwa mamia wakae kitandani wakibonyeza mfuko kwa zamu usiku na mchana. Watu waliokuwa wanakufa wakaanza kupona. Ventileta za kisasa zilikuja baada ya hapo.

Haya, turudi kwa kozi. Diploma ya juu inachukua kama mwaka mmoja, KMTC ndio wanaojulikana zaidi kwayo, na ukimaliza unafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi unaandikishwa kwa hio taaluma. Hapo kwa kuandikishwa ndipo tofauti ilipo, manake kaunti ikitangaza nafasi ya nesi wa ICU inatazama hilo, haitazami sertifiketi uliyoprint mwenyewe saiba. Kwa kawaida wanataka uwe ushafanya kazi kama miaka miwili tangu upate laiseni, na laiseni iwe hai haijakufa, kwa hivyo wewe kwa mwaka wako wa tatu hapo umetosha. Usidhani lazima kila kampasi iwe nayo. Ile KMTC ya hapa jirani na Coast General iulize mwenyewe intake hii wana nini, na kama haipo basi jiandae kwa Nairobi. Utakachosoma humo: moyo na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), mapafu na ventileta, figo na dayalisisi, kichwa, sepsis (maambukizi yaliyovamia mwili mzima), sumu, lishe ya mgonjwa aliyelala, na sheria na maadili ya kuzima mashine ambayo watu huidharau mpaka siku familia imegawanyika mbele yako, mtoto mkubwa anasema acheni, mdogo anasema endeleeni.

Kuna vitu humo vitakufanya uone aibu ya vile tulivyokuwa tukifanya zamani. Chukua hiki. Mama ana kilo 95, urefu sentimita 160, yuko kwa ventileta mapafu yamejaa. Unampa hewa kiasi gani kwa kila pumzi? Mtu asiyesoma atapiga mililita 6 mara kilo 95, apate 570. Kosa. Mapafu hayanenepi na pilau, mapafu yanafuata urefu wa mtu. Kwa mwanamke unaanza na 45.5 halafu unaongeza 0.91 mara sentimita zilizozidi 152.4, kwa huyu mama inatoka kama kilo 52, mara 6 ni mililita 314 hivi. Ona tofauti kati ya 570 na 314, karibu mara mbili! Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000 uligawa wagonjwa wa mapafu kama hayo, wengine wakapewa pumzi kubwa za mililita 12 kwa kilo wengine ndogo za 6, kwa kilo hizo za urefu, vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Hakuna dawa mpya pale, ni namba iliyowekwa kwa mashine. Daktari ndiye anayeiandika, sawa, lakini nesi ndiye anayekaa na hio mashine masaa 12, na nesi aliyesoma atamwambia daktari kwa adabu, daktari huyu mama tumempima urefu kweli? Kwa hivyo siku yako ya kwanza ICU nenda na tepu ya fundi cherehani mfukoni. Sikutanii.

Sasa digirii. Wenzako hawajakosea wakisema ifanye, wamekosea kwa mpangilio tu. Digirii inakupandisha kwa ngazi ya mshahara na bila hio huwezi kwenda masters, na masters ya uuguzi wa mahututi ipo University of Nairobi ikiwa baadaye utataka kufundisha ama kuongoza kitengo. Lakini digirii ya jumla utasoma utafiti, uongozi, afya ya jamii, vitu vizuri vyote, halafu urudi wodi na ventileta bado hujui kuiweka. Pwani University pale Kilifi wana digirii ya uuguzi na Aga Khan University wana ile ya kupandisha diploma iliyopangiwa watu walioko kazini, uliza zote mbili masharti yao kwa mtu aliye na KRCHN. Isipokuwa hali moja: kama kaunti yako imeshakukubalia likizo ya masomo ya digirii na haijakubali ya diploma ya juu, chukua ulichopewa, usigombane na riziki.

Na hapo kwa likizo nikae kidogo manake ndipo watu wetu wanapoangukia. Barua ya likizo ya masomo uitafute KABLA ya kulipa hata shilingi ya admishoni. Unaandika kupitia kwa msimamizi wa wodi, inapanda kwa mkuu wa wauguzi, inakwenda kwa kamati ya mafunzo ya kaunti, na kila meza inaweza kukaa nayo, kwa hivyo kila meza uwe na kopi iliyogongwa muhuri. Ukikubaliwa na mshahara ukaendelea, utasaini bondi, yani ukimaliza unarudi kuwatumikia muda fulani. Isome ile bondi, yote, mpaka herufi ndogo, hasa inasemaje ukiacha kazi kabla ya muda. Najua mtu aliyesaini haraka haraka, akapata Saudia miezi sita baada ya kurudi, na pesa aliyodaiwa ilikula mishahara yake ya mwanzo huko. Ukiwa hospitali ya binafsi mambo ni tofauti, wengine wanakupa nusu, wengine wanakupa baraka tu.

Kozi fupi. BLS, ile ya msingi ya kuokoa maisha, lazima, hio hatujadili, kila nesi. ACLS ni nzuri na kadi yake ina miaka miwili kisha unaifanya tena, itakufundisha moyo ukisimama: kubonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 usizidi 6, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, mshtuo wa umeme upewe nani na asipewe nani. Ukiwa na watoto kwa hio HDU yenu, PALS pia, ambayo ni kama ACLS ya watoto. Lakini ona, ACLS ni siku mbili hivi. Inakufundisha zile dakika moyo ukisimama na kidogo kabla yake, haikufundishi masaa 12 ya kuuzuia usisimame, na kazi ya ICU kwa ukweli ni hio ya pili. Mgeuze mgonjwa, kichwa cha kitanda kiwe nyuzi 30 hadi 45, mdomo usafishwe, kile kipuliza cha tyubu (cuff) kikae presha ya sentimita 20 hadi 30 za maji, usinyonye makohozi zaidi ya sekunde 10 ama 15 kwa mara moja, kila asubuhi uliza dawa ya usingizi tunaweza kuipunguza leo, katheta ya mkojo bado inahitajika ya nini. Vitu vidogo visivyo na sifa, hakuna anayepigwa picha akisafisha mdomo wa mgonjwa, na ndivyo vinavyomtoa mtu ICU akiwa hai.

Hio ya wiki sita ya mtandaoni. Wapigie waulize: Baraza la Wauguzi limeikubali? Kama ni kwa pointi za CPD (masomo endelevu) za kurenyu laiseni, nambari ya kukubaliwa ni ipi? Mazoezi ya wodini ni hospitali gani? Wakianza kukwambia ni ya kimataifa, ni ya kimataifa, bila kutaja chombo chochote, weka simu chini. Sina ugomvi na kusoma kwa mtandao, ECG nyingi mimi nafundisha kwa WhatsApp wallahi, picha moja kila usiku watu wanabishana mpaka asubuhi. Lakini hakuna anayeitwa nesi wa ICU kwa kutazama video.

CCRN. Watu wanaichanganya na KRCCN kwa vile majina yanafanana. Hio ni ya chama cha wauguzi wa mahututi wa Marekani, AACN, ni mtihani wa maswali 150 kwa masaa matatu, unathibitisha kitu ambacho tayari unakifanya, haukufundishi. Ili ukalie lazima uwe na laiseni ya uuguzi ya Marekani, kwa hivyo NCLEX, mtihani wa laiseni wa huko, inatangulia, na uwe na masaa ya kumhudumia mgonjwa mahututi, njia moja ni masaa 1,750 kwa miaka miwili iliyopita, na nusu ya masaa hayo yawe ya mwaka wa karibuni. Sasa wewe uko Likoni na KRCHN, yeyote anayekuuzia "maandalizi ya CCRN" leo anakuuzia daraja na mto hujaufikia. Ingawa orodha ya mada zao ni nzuri kama mwongozo wa kusoma, hio chukua, ni bure.

Kuhusu Saudia na Uingereza sitakukataza, kila mtu ana watu wanaomtegemea. Ila jua hivi: Ghuba watakutaka mtihani wa Prometric na vyeti vyako vithibitishwe, na wanaangalia sana uzoefu wako ni wa wodi gani, miaka mitatu ya medikali hawatakuweka ICU, na kama wakikuweka ndo uogope zaidi. Uingereza unapita mtihani wa kompyuta halafu ule wa vitendo, OSCE, ndipo unaingia rejista, na hata ukiwa umekaa ICU ya hapa miaka kumi watakuanzisha hatua ya kwanza ya orodha yao ya ujuzi, kila kitu kinasainiwa na mtu aliyekuona ukikifanya. Watu wetu wengine hulia wakisikia hivyo, wanaona wamedharauliwa. Mimi naona ndio vile inavyotakiwa na laiti hapa kila ICU ingekuwa na hio orodha.

Na usidhani ICU ya Pwani ni ndogo kwa mafunzo. Utaona vichwa vya bodaboda kila wikendi, mama wa kifafa cha mimba aliyechelewa kwenye feri, mtu amekunywa dawa ya wadudu anatiririka mate na unampa atropini mpaka kifua kikauke, na kutoka huko Kilifi na Watamu mtu ameumwa na nyoka kama koboko (black mamba), macho hayafunguki, kupumua kunaisha taratibu na akili yake iko timamu anakusikia. Huyo usimzungumzie juu ya kichwa chake kama hayupo! Kuna wanafunzi wa vyuo vikubwa huko nje wanamaliza bila kumuona hata mmoja wa hao.

Kwa hivyo kabla hata ya intake, mwombe msimamizi akupangie HDU kwa miezi mfululizo badala ya kukurusha rusha, tafuta nesi mmoja KRCCN pale hospitalini umfuate kama kivuli siku zako za ofu mbili kwa mwezi, na uandike kwa daftari kila mgonjwa: alikuja na nini, tuliogopa nini, kilitokea nini. Bila majina ya wagonjwa.

Sasa hesabu. Hapa nakuelewa, watu wazima wanakwepa ICU kwa sababu ya hesabu na wanasingizia usiku. Kwanza jua ni hesabu za darasa la saba, kinachotisha ni dawa yenyewe. Chukua noradrenalini, ile ya kupandisha presha. Umeweka miligramu 4 ndani ya mililita 50. Miligramu 4 ni maikrogramu 4,000, gawanya kwa 50, kila mililita ina maikrogramu 80. Mgonjwa kilo 60, daktari ameandika maikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. 0.1 mara 60 ni 6 kwa dakika, mara dakika 60 ni 360 kwa saa, gawanya kwa 80, pampu iende 4.5 kwa saa. Basi, imeisha. Kinachobaki ni ufundi wa mkono: hio dawa haikai mwilini, dakika chache tu imeshakwisha nguvu, kwa hivyo sirinji ya pili iwe tayari kabla ya ya kwanza kuisha, na wakati wa kubadilisha macho yawe kwa monita, manake presha ya mtu inaweza kuporomoka ukiwa bado unatafuta mkasi.

Fanya na hii mwenyewe leo usiku ukipata nafasi: sirinji ile ile, mgonjwa kilo 70, dozi 0.15. Inatakiwa ikutokee kama 7.9 kwa saa. Ukipata 79 basi nukta imekuruka, rudia kutoka kwenye zile 80 kwa mililita, na kwa kazi yenyewe dawa hii usiianzishe mpaka nesi wa pili ameipiga hesabu yake kivyake, bila kutazama karatasi yako.